Kujitolea kwenye kampeni Moshi bila kugombana na jirani: mwongozo kamili

Kila msimu wa kampeni vijana wa Pasua, Njoro na Majengo, na wengine wa Ngarenaro kule Arusha, wananiletea malalamiko yanayofanana. "Nilijitolea siku tatu nikaacha. Watu wakali. Nimekosana na mama mwenye nyumba wangu. Nilikosea wapi?"

Wengi hukosea mahali pamoja. Wanatoka nyumbani wakiamini kazi yao ni kumgeuza mtu akiwa mlangoni kwake. Ukitoka na imani hiyo, kila anayekukatalia anageuka adui. Na Moshi ni mji mdogo: uliyemfokea asubuhi, jioni mtakaa benchi moja kwenye kikao cha msiba, kesho mko naye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, Jumapili mnasalimiana kanisani.

Kazi yenyewe ni hii: kujua nani yuko nawe, nani hajaamua, nani yuko upande mwingine, na kuwaacha wote wakiwa tayari kukukaribisha tena. Ukiishika hiyo, hatua zote za hapa chini zitakuwa rahisi.

Mwongozo huu hauna chama. Utakufaa kwenye uchaguzi mdogo wa diwani, kwenye serikali za mitaa na kwenye uchaguzi mkuu. Mifano yangu ni ya Moshi mjini; ukiwa Arusha badilisha majina ya mitaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Karatasi moja yenye mambo matatu ambayo mgombea wako anaahidi, kwa maneno yako mwenyewe. Matatu tu. Ukibeba kumi utayasahau yote mlangoni.
- Ilani ya chama chako, na ilani ya chama kinachowapa ushindani mkubwa. Hii ya pili wengi hawaisomi, halafu wanaaibika mbele ya mwalimu mstaafu aliyeisoma.
- Nakala ya Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, na ratiba ya kampeni ya kata yenu.
- Barua au kitambulisho kutoka kwa timu ya kampeni, chenye namba ya simu ya kiongozi wako.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu.
- Mwenzako mmoja. Usitembee peke yako, na msiwe zaidi ya wawili. Watu watano wakisimama mlangoni kwa mtu, mwenye nyumba anahisi amevamiwa.
- Viatu vilivyozoeleka mguuni, maji, na nauli yako ya kurudi.

Fimbo, pombe na watoto viache nyumbani. Mtoto akivaa fulana ya chama akatembezwa mitaani, ni mzazi wake atakayeulizwa na jirani.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa, na nyumbani wanajua

Askari polisi, mwanajeshi au askari magereza hawezi kufanya kazi hii. Katiba, ibara ya 147, inawakataza wanajeshi na wenzao wa vyombo vya ulinzi kujiunga na chama cha siasa. Wanabaki na haki ya kupiga kura. Ukiwa mtumishi wa umma wa aina nyingine, soma masharti ya kazi yako kabla hujavaa fulana, na usithubutu kutumia saa za kazi, ofisi au gari la mwajiri.

Ukiwa umeajiriwa dukani au hotelini, mwambie bosi wako mapema. Wateja wake ni wa vyama vyote.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani. Mume, mke au mama yako asisikie habari kwa jirani kwamba ulionekana juu ya gari la matangazo. Kama baba ni wa chama kingine, mwambie wewe mwenyewe, na umwambie jioni mkiwa wawili tu. "Baba, nimeamua kumsaidia fulani. Najua wewe uko kwingine. Sikuombi ubadilike, nimeona nikwambie mwenyewe."

Utajua umefaulu: hakuna mtu nyumbani atakayeshtuka siku ya kwanza ukitoka na fulana.

## Hatua ya 2: Nenda kwa timu, omba kazi moja

Usianze kuhamasisha kwa mapenzi yako tu. Nenda ofisi ya chama ya kata au kwa meneja wa kampeni, jiandikishe, halafu omba kazi moja iliyo wazi: kupita nyumba kwa nyumba, kupanga viti vya mkutano, kubandika mabango, kupiga simu, au kuandaliwa kuwa wakala, yaani mwakilishi wa mgombea au chama ndani ya kituo cha kura.

Kuna maswali mawili ya kuuliza siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu. Nikipata tatizo barabarani nampigia nani? Na je, kuna nauli au chakula, au ni kujitolea kabisa? Nimeona timu zikivunjika wiki ya pili kwa sababu wengine walidhani kuna posho na wengine walijua hakuna. Jibu lolote linavumilika likijulikana mapema.

Uliza pia kampeni zina siku ngapi. Kwenye serikali za mitaa za 2024 zilikuwa siku saba tu, 20 hadi 26 Novemba. Uchaguzi mkuu wa 2025 zilianza 28 Agosti zikaisha 28 Oktoba. Siku saba hazina muda wa kuujifunza mtaa. Ni lazima uwe umeujua kabla.

## Hatua ya 3: Soma kanuni kabla hujasoma nyimbo

Kanuni za Maadili husainiwa na vyama, Serikali na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Usizichukulie kama karatasi ya ofisini. Haya ndiyo yanayomkamata zaidi mtu wa kujitolea:

Mikutano ya kampeni ni kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni. Ikifika saa 12:00, zimeni spika, hata kama mgombea ndiyo kwanza anakolea.

Nyumba za ibada si viwanja vya kampeni. Hata pale nje ya geti waumini wanapotoka, mimi siweki mtu wangu.

Bango la mwenzako halichanwi wala halibandikwi juu yake jingine. Na kabla hujabandika lako ukutani kwa mtu, omba ruhusa. Ukuta wa duka la Mangi si wa umma.

Usitoe kitu ili upewe kura. Sukari, khanga, mafuta ya bodaboda, ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kijiweni, vyote ni vitu ambavyo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanaweza kukuuliza, na namba yao ya bure ni 113, jirani yeyote anaijua. Huku kwetu kumkaribisha mtu mbege ni heshima ya kale, ndiyo maana vijana wanateleza hapa bila kukusudia. Subiri uchaguzi uishe, ndipo ukaribishe.

Usichukue kadi ya mpiga kura ya mtu, wala usiandike namba yake. Hata ukitumwa na kiongozi wako. Kataa na uulize ni ya nini.

Utajua umefaulu: mwenzako akipendekeza jambo la kuvunja kanuni, unaweza kumwambia kanuni inasemaje bila kufungua karatasi.

## Hatua ya 4: Ujue mtaa, na nani anawajibika na nini

Anza kwa kumsalimia mwenyekiti wa mtaa na kumwambia kwamba jioni mtapita. Yeye naye ana chama chake, na huenda si chako. Msalimie vilevile. Mtaani mgeni akipita bila mwenyekiti kujua, simu zinaanza kupigwa.

Panga saa. Mama anayeuza soko la Mbuyuni humkuti saa nne asubuhi. Njoo saa kumi na moja jioni akiwa anashusha mzigo, lakini usimshike wakati anapika. Ijumaa mchana waache Waislamu waende swala, Jumamosi waheshimu Wasabato, Jumapili usibishe hodi kabla watu hawajarudi kutoka kanisani. Nyumba yenye msiba haiingiwi kwa kampeni, na fulana ya chama haivaliwi matangani. Ukienda kuhani, nenda kama jirani.

Sasa jambo ambalo limewaangusha wengi: ahadi. Mlangoni utaulizwa habari za bili ya maji, barabara ya vumbi, umeme kukatika. Jua kila kitu ni cha nani. Maji ya mjini Moshi ni MUWSA, kama ilivyo AUWSA kwa Arusha. Barabara za mitaa ni TARURA, barabara kuu ni TANROADS. Umeme ni TANESCO. Taka na masoko ni Manispaa, na hapo ndipo diwani ana sauti ya moja kwa moja kwenye baraza la madiwani. Kwa hayo mengine anaweza kufuatilia na kupiga kelele, hawezi kuamuru. Ukisema "diwani wetu atashusha bili ya maji", umedanganya, na mama huyo atakukumbusha kwa miaka mitano.

## Hatua ya 5: Mlangoni

Hapa ndipo kampeni ilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Bisha hodi mara tatu, kisha rudi nyuma hatua mbili. Ukiitikiwa na mtoto peke yake, uliza wakubwa wapo lini, uondoke. Ukikaribishwa, kaa barazani au kwenye kigoda cha uani. Usiingie chumbani kwa mtu hata akisisitiza.

Salamu iwe nzima. Watu wanaikata wakidhani wanaokoa muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Habari za kutwa? Poleni na vumbi."

"Nzuri, tunashukuru. Karibu."

"Asante. Mimi ni kijana wa hapa mtaa wa pili, jirani na mashine ya kusaga. Napita kwa niaba ya mgombea udiwani wa chama fulani. Kama una dakika tano nitakaa, kama uko kazini nitapita siku nyingine."

Ona kilichofanyika. Umejitaja unatoka wapi, umetaja chama bila kuficha, na umempa njia ya kukukatalia bila kukosa adabu. Mtu mwenye njia ya kukataa hana sababu ya kukasirika.

Ukikaribishwa, usianze na mgombea. Uliza: "Mama, hapa kwetu kitu gani kinakusumbua zaidi?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli. Atakwambia habari ya mtaro uliojaa wakati wa masika, ushuru wa meza sokoni, kijana wake aliyemaliza chuo na yuko nyumbani. Andika daftarini akiona. Baada ya hapo ndipo utaje lile moja kati ya mambo yako matatu linalogusa alichosema. Kama hakuna linalogusa, sema hivyo: "Hilo mgombea wangu hajalizungumzia, nitamfikishia."

Kisha muulize moja kwa moja kwa upole: "Umeshaamua, au bado unaangalia?" Majibu yatakuwa ya aina nne.

Yuko nawe. Mshukuru, mwambie siku na saa za kupiga kura, uondoke. Vijana hupoteza nusu saa hapa kwa sababu panafurahisha. Milango mingine inakusubiri.

Hajaamua. Usimsukume. Muulize kinachomfanya asite, jibu unalolijua, lisilojulikana andika. Rudi baada ya siku mbili na jibu, hata kama jibu ni "nimeuliza, hawajanijibu". Nakuhakikishia kurudi kule kunamgusa kuliko hotuba yoyote ya jukwaani.

Yuko upande mwingine. Wengi huharibu hapa. Kifua kinapanda joto, unataka kumwonyesha chama chake kimeharibu nini. Meza mate, useme: "Nimekuelewa mama, asante kwa kuniambia wazi. Naomba nikuulize kimoja tu. Atakayeshinda, awe wetu au wenu, ungependa aanze na nini?" Andika jibu. Simama, aga, nenda. Usimwachie kipeperushi asichokiomba. Usimwite majina ya utani ya chama chake. Usimwambie "mtashindwa".

Mwaka 2015, nikiwa bado na damu moto, mzee mmoja wa Rau alikichana kipeperushi changu mbele yangu. Nilimjibu neno ambalo mtoto hamwambii mtu wa rika la baba yake. Mwaka uliofuata tulipata msiba nyumbani. Mzee yule alileta viti arobaini na masufuria yake makubwa, akakaa nasi siku zote za matanga, akakataa kulipwa. Lile neno hakulitaja hata siku moja. Nilimwendea baadaye kuomba radhi na alinisikiliza mpaka mwisho, lakini najua nilichelewa. Tangu hapo kila ninayemfundisha namfundisha kwanza kuaga, kabla ya kumfundisha kunadi sera.

Hapigi kura kabisa. Huyu nampa hatua yake peke yake hapo chini.

### Namna ya kuandika daftarini

Usiandike jina la mtu pembeni ya jina la chama. Kamwe. Kura ni siri ya mtu, na orodha ya nani ni wa nani ikianguka kwenye mikono mibaya inaweza kumgharimu mtu kazi, kibanda sokoni au amani yake. Andika namba za nyumba ulizojipangia wewe, na alama ambazo ninyi wawili tu mnazijua. Namba ya simu chukua kwa mtu aliyekupa kwa hiari na anayejua utaitumia kwa nini. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na orodha ya simu za watu inahusika.

Utajua umefaulu: si kwa idadi ya waliosema ndiyo. Milango kumi na tano kwa jioni inatosha, na kipimo ni kwamba ukipita kesho kwenye kona ileile, hata waliokukatalia wanakuitikia salamu.

## Hatua ya 6: Anayesema "mimi sipigi kura tena"

Kuna nyumba ambazo tangu 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, neno uchaguzi linasikika kama neno la msiba. Siku ile na zilizofuata watu walipoteza maisha katika miji kadhaa ya nchi yetu, na intaneti ilizimwa. Kabla ya hapo CHADEMA, chama kikubwa cha upinzani, hakikushiriki uchaguzi baada ya kutosaini Kanuni za Maadili mwezi Aprili. Mtaani kwako wapo wanaosema sheria ilifuatwa, na wapo wanaosema walinyimwa mtu wa kumchagua. Wote ni majirani zako, na wewe hukutumwa kuamua kesi hiyo mlangoni.

Kwa hiyo usimwambie "ukiacha kupiga kura usilalamike". Maneno hayo yanaumiza na hayajawahi kumrudisha mtu kituoni. Kutopiga kura kwake ni maoni, na yana sababu. Mwambie pole kama amepoteza mtu. Msikilize. Akikuuliza kwa nini wewe bado unahangaika na mambo haya, mpe sababu yako ya kweli kwa sentensi mbili: labda ni mtaro, labda ni shule ya mtoto wako. Hapo inatosha.

Wengine hawapigi kura kwa sababu nyepesi zaidi, na hawa unaweza kuwasaidia kwa taarifa. Wengi hawajui kwamba serikali za mitaa zina orodha yake ya wapiga kura, tofauti na Daftari la Kudumu. Mwaka 2024 uandikishaji wake ulikuwa 11 hadi 20 Oktoba, na watu walijikuta hawamo kwenye orodha ya mtaa ilhali kadi ya uchaguzi mkuu ipo kabatini. Mweleze hilo bila kumuuliza atampigia nani. Taarifa ya namna hii mpe kila mtu, hata wa upande mwingine. Ndiyo, hata yeye.

## Hatua ya 7: Vijiweni na sokoni

Kijiwe cha bodaboda, meza ya kahawa na bao, kilabu cha mbege: pote hapo mjadala ni mchezo wa hadhara, na mtu hakubali kushindwa mbele ya wenzake. Ukimkosoa kijana mbele ya kijiwe, atatetea hata asichokiamini. Salimia, sikiliza, sema jambo lako moja, kisha mkaribishe anayetaka kuongea zaidi mkae pembeni. Kwa walevi usijibu kitu.

Sokoni usisimame mbele ya meza ya mtu na kumzuilia wateja. Nunua nyanya zako, lipa bei yake, ongea wakati anakupimia.

Kwa lugha, Kiswahili kinatosha. Ukimkuta bibi anayeongea Kichaga tu, au mama wa Kimaasai aliyeshuka sokoni, tafuta wa kukutafsiria kwa heshima. Ila usigeuze lugha kuwa chambo: "tumchague huyu ni wa kwetu Kibosho" ni kauli inayomfukuza Mpare, Msambaa na Mrangi ambao ni wapiga kura wa mtaa huohuo, na kuwagawa watu kwa kabila ni kosa kwenye kampeni.

## Hatua ya 8: Simu na magrupu

Grupu la ukoo lililoanzishwa kuchangia msiba, la VICOBA, la wazazi wa darasa, la kwaya: haya si viwanja vya kampeni. Watu wa humo hawakuja kwa ajili ya chama chako, na hawawezi kuondoka bila kuonekana wamesusa. Weka ujumbe wako kwenye status yako, anayetaka ataufungua.

Kabla hujasambaza video au sauti, jibu maswali matatu. Nani kasema? Lini? Wapi? Kisha isikilize mwanzo hadi mwisho, maana kipande cha sekunde ishirini kinaweza kuwa kimekatwa mahali pabaya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu pia aliyesambaza habari ya uongo, na "nimetumiwa tu" haitakusaidia mbele ya mpelelezi.

Shangazi akituma picha ya uongo dhidi ya mgombea wako, usimsahihishe mbele ya ukoo mzima. Mpigie. "Shikamoo shangazi. Ile picha ya asubuhi nimeiangalia, naona ni ya miaka ya nyuma, si ya hapa. Nimeona nikwambie wewe kwanza." Mara nyingi ataifuta mwenyewe. Na picha ya uongo dhidi ya mgombea wa upande mwingine, ikitumwa na mtu wa timu yako, isahihishe kwa haraka ileile. Hapa ndipo watu wanakupima kama heshima yako ni ya kweli.

## Hatua ya 9: Mkikutana na msafara wa wenzenu

Ratiba ikifuatwa hamtakutana. Lakini magari yanachelewa, na siku moja mtajikuta uso kwa uso mzunguko wa YMCA au pembeni ya Mbuyuni. Kubalianeni mapema na dereva wenu: spika inazimwa, gari linakaa pembeni, hakuna anayeshuka, hakuna anayerekodi uso wa mtu kwa simu. Wapungieni mkono wapite. Ninyi kuwa wa kwanza kuzima muziki si kushindwa.

Angalizo: akirusha mtu jiwe au chupa, ondokeni, msijibu. Hesabuni watu wenu, mpigieni kiongozi, na taarifa iende polisi na kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata. Arusha mwaka 2013 bomu lililipuka kwenye mkutano wa kampeni za udiwani pale viwanja vya Soweto na kuua watu. Kwa hiyo mtu akikwambia fujo za kampeni ni sehemu ya mchezo, usimpe gari wala kipaza sauti.

## Hatua ya 10: Siku ya kura na siku zinazofuata

Siku ya kura fulana inabaki kabatini. Piga kura yako, ondoka kituoni, isipokuwa kama wewe ni wakala uliyeapishwa. Vituo vya uchaguzi mkuu hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Mzee asiye na nguvu za kutembea anaweza kusaidiwa na jirani wa chama chochote kufika, na njiani msizungumzie wagombea.

Matokeo ya kituo hubandikwa kituoni. Mkiwa na malalamiko, njia yake ni fomu, wakala na mahakama. Peleka unachokijua, si ulichosikia. Mkishinda, msipige honi mbele ya nyumba ya aliyeshindwa. Mkishindwa, pokea simu za watani bila kujibu kwa hasira, au zima simu ulale.

Kesho yake toka na mwenzako mbandue mabango yenu kwenye nguzo na kuta mlizoomba. Gundi ikibaki kwa Mangi, mpelekee maji na brashi.

Halafu lifungue daftari. Yale majibu ya "ungependa aanze na nini" yanakili kwenye karatasi safi, bila namba za nyumba wala alama. Mpelekee diwani aliyeshinda, hata kama ni yule uliyekuwa ukimpinga, na nakala moja umwachie mtendaji wa kata. Daftari lenyewe lichome jikoni, ukiwepo mpaka karatasi ya mwisho iungue.